UZI: Pawasoo (msumeno wa injini) kuukuu ya 4,500, naitengezea nyumbani Mikindani, Mombasa. Wajuzi nisaidieni

mtu_wa_Mikindani
Habari zenu jamani. Iko hivi. Masika haya mwarobaini wa mamangu kule Kisauni uliangukia ukuta wa jirani, si mti mdogo, shina lake hulikumbatii peke yako. Nkaita jamaa wa pawasoo akaniambia elfu 12 na matawi nijitolee mwenyewe. Nkapiga hesabu nkaona kwa pesa hizo si bora ninunue yangu. Nkazunguka mayadi ya vyuma vikuukuu siku mbili, nkapata pawasoo moja ya Husqvarna, kava imeandikwa 268, rangi yake ya machungwa imepauka mpaka haijulikani, baa (ule upanga unaobeba cheni) ipo, cheni imeshikana kwa kutu. Mwenyewe alitaka 6,000, tukavutana weee mpaka 4,500.

Sasa shida zake. Asubuhi ikiwa baridi inawaka, mara ya saba ya nane hivi ukivuta kamba. Ikiwaka inapiga resi yenyewe hata gesi hujagusa, na ukiipa gesi ukaiachia, resi inakawia kushuka, inashuka polepole kama mtu anayeshuka mnazi. Ikipata moto ndo basi, inazima na haiwaki tena mpaka ipoe nusu saa. Fundi wa boda hapa stejini anasema ni kabureta, ninunue nyengine. Mwasemaje?

Jomvu254
Bro umenunua ugonjwa. Ongeza pesa kidogo chukua ya kichina mpya ndani ya boksi uendelee na maisha yako

mtu_wa_Mikindani
@Jomvu254 pesa ya kuongeza ningekuwa nayo ningemlipa yule wa elfu 12 😂

babu_spana
Mwanangu wa Mikindani, usinunue chochote bado. Kabureta usinunue, hata repea kiti (vile vipuri vidogo vya kuifufua) usinunue.

Toa egzosi kwanza. Ni bolti tu hizo, dakika mbili. Ukishaitoa vuta kamba taratibu pistoni ipite pale kwenye tundu, umulike na tochi ya simu. Pistoni nzima inang'ara na utaona vimstari vyembamba vya mashini vimelala. Ukiona mikwaruzo imesimama, ya juu kwenda chini, upande huu wa egzosi, hiyo imekosa oili ama imepata hewa nyingi kuliko petroli. Ikiwa mikwaruzo iko upande wa kule, wa kabureta, hilo ni vumbi limepita kwenye filta.

Inayonitia shaka ni hiyo resi kukawia kushuka. Injini ya tustroki kama hii ya pawasoo haina oili yake kando, oili inaipata ndani ya petroli. Ikivuta hewa mahali pasipotakiwa mchanganyiko unakuwa mwepesi, resi inapanda, moto unapanda, pistoni inavimba na kuanza kulamba ukuta wa silinda. Huyo fundi wa boda si mwongo, kabureta yaweza kuleta hayo pia. Lakini kutazama ni bure, kabureta ni pesa.

mtu_wa_Mikindani
Shikamoo mzee. Nimeitoa. Upande wa egzosi ni mistari mitupu, ukipitisha ukucha unakwama. Upande wa kabureta iko safi.

babu_spana
Marahaba. Basi hiyo imenoki mwanangu, pistoni imelambana na silinda. Mtu aliyekuuzia alijua. Kompresheni je, ile nguvu ya kukandamiza hewa ndani ya silinda? Ishike kwa mkono wa kamba, uiachie mashini ining'inie. Nzima hushuka kwa kurukaruka, inasita kila pistoni ikipanda. Mbovu huteremka moja kwa moja kama ndoo kisimani.

mtu_wa_Mikindani
Imeshuka kama ndoo kisimani 😭 nimeazima na geji ya jirani anayetengeza pikipiki, inasoma 75

babu_spana
75 PSI hiyo hata kuwaka inajitahidi. Ya saizi hiyo ikiwa na afya yapita 140. Ndo maana ikipata moto inazima, chuma kikitanuka na hiyo kompresheni kidogo iliyobaki inaondoka.

Toa silinda, bolti nne chini, lakini kabla hujaagiza pistoni PIMA. Tafuta venia, kile kipimo cha taya, upime kipenyo cha silinda. Hizi Husqvarna 61, 268 na 272 ni ndugu wa tumbo moja, mwili ni ule ule, mwendo wa pistoni ni milimita 34 zote tatu, tofauti ni upana: 61 ni milimita 48, 268 ni 50, 272 ni 52. Makava yao yanaingiliana, na mafundi wetu nawajua, kava yoyote iliyo karibu ndiyo itakayofungwa.

Jomvu254
Hii thread inaanza kunoga. Nakaa hapa na kahawa yangu na kashata

mtu_wa_Mikindani
Sasa jamani nisitukanwe.

Mzee aliniambia nipime, mimi nikaona kava imeandikwa 268, fundi wa boda naye akasema 268, nikaenda mjini kwenye duka moja la spea nkanunua pistoni ya 268 na ringi zake, 2,600. Nimekuja nyumbani nimetoa silinda najaribu kuitia haiingii hata kwa dua. Nimekwenda kuazima venia. 48. Ndani ni 61. Kava tu ndo ya 268. Nimerudi dukani jamaa ananionyesha karatasi ukutani, bidhaa ikiuzwa hairudi, na mfuko nshaupasua.

babu_spana
🤦🏾‍♂️

Jomvu254
WALLAHI NIMECHEKA mpaka chai imenipalia

mpasua_mbao
Usijali kaka, hiyo pistoni ya 50 iweke, atakuja mtu mwenye 268 kweli aitafute. Mimi niko Kwale huku, kazi yangu ni hii. Ya 48 utaipata, agiza mtandaoni, angalia na ile pini ya katikati na unene wa ringi ufanane na yako, usitazame picha tu.

Ringi ukizitia tazama kile kijiti kidogo kwenye mfereji wa pistoni, mdomo wa ringi ukae hapo hapo. Ikikaa kando mdomo utaingia kwenye tundu la silinda ukivuta kamba na utavunja kila kitu ulichonunua. Na mshale wa juu ya pistoni utazame egzosi.

mtu_wa_Mikindani
Asante kaka. Nimeagiza, wameniambia wiki mbili tatu. Silinda yenyewe je? Ina michirizi ya fedha fedha upande ule ule, sijui niitupe.

babu_spana
Usitupe. Hiyo fedha si silinda iliyoharibika, ni aluminiamu ya pistoni imeyeyuka ikagandia. Ukuta wa silinda umepakwa madini magumu, aluminiamu iko juu yake kama ukoko kwenye sufuria.

Nunua asidi ile ya kuoshea tailisi, kidogo tu. Kaa nje, upepo uko mgongoni mwako, gilavu za mpira, miwani. Chovya pamba kwenye kijiti, pakaza PALE PENYE UKOKO TU. Itatoa povu, hiyo ni asidi inakula aluminiamu. Futa, pakaza tena. Povu likiisha ukoko umeisha, acha. Usifike kwenye kingo za matundu wala mahali ambapo lile pako gumu limechubuka, kwa sababu chini yake silinda yenyewe ni aluminiamu na asidi haijui ipi ni ipi. Ukimaliza osha kwa maji mengi, mwagia maji ya baking soda, osha tena, kausha, paka oili dakika hiyo hiyo. Na hewa yetu ya chumvi hii hata saa moja usiiache kavu.

Halafu pitisha msasa laini sana na oili, kwa kuzungusha na kukatisha, usisugue juu chini.

BintiBamburi
Nimekaa kimya nasoma lakini hapa pa asidi naingia. Mimi ni nesi. Asidi usichanganye na dawa ya kufulia ile ya klorini, inatoa gesi mbaya mno. Na usifanyie bafuni, nawajua nyinyi wanaume, mnapenda kufanyia mambo bafuni.

mtu_wa_Mikindani
@BintiBamburi sawa dada 😅 nilikuwa njiani naelekea bafuni wallahi

.

mtu_wa_Mikindani
Ripoti. Silinda imetakata, nimefanyia nyuma ya nyumba mama akiwa juu ya kichwa changu anauliza harufu ya nini. Michirizi miwili myembamba imebaki lakini ukucha haukwami tena. Sasa nasubiri pistoni. Kuna kitu cha kufanya nikisubiri?

babu_spana
Kuna kitu kikubwa zaidi ya vyote. Hujatuambia pistoni ya kwanza iliuliwa na nini.

mvuvi_Likoni
Kaka mimi najua ilipokosea. Oili. Watu wanatia oili yoyote. Nunua oili ya mashini ya boti, ile ya injini ya nje, hiyo ndo tustroki ya ukweli, mashini yangu ya boti inakwenda mwaka wa nane sijafungua

babu_spana
Ami, kwa boti uko sawa kabisa, kwa pawasoo la. Ile oili ya boti, iliyoandikwa TC-W3, imetengezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari, joto lake halipandi sana. Pawasoo inapozwa na upepo wa flaiwili tu, lile gurudumu lenye mapezi, chuma chake kinapata moto zaidi, na oili ile haikuundwa kwa moto huo. Tafuta ya tustroki ya kupozwa na hewa, kwenye chupa tazama maneno JASO FC au FD.

Vipimo: ukiwa na oili nzuri ya kampuni ya mashini, 1 kwa 50, yaani mililita 20 kila lita ya petroli. Oili ya kawaida na mashini ya zamani kama hii, mimi natia 1 kwa 25, mililita 40 kila lita. Itatoa moshi kidogo, vumilia. Pima kwa sirinji, usipime kwa kifuniko cha soda. Na petroli iliyokaa miezi miwili mitatu kwenye kidumu usiitie, inaacha gundi kwenye kabureta.

mvuvi_Likoni
Haya mzee nimekusikia. Boti yangu niiache na oili yake

babu_spana
Iache kabisa hahaha

Sasa wewe wa Mikindani. Nataka ujue kama injini inavuja hewa. Gereji wana pampu yake, wanaziba egzosi na njia ya kabureta halafu wanajaza hewa nusu bar, wanatazama kama inashuka. Sijui wewe utapata wapi pampu hiyo.

BintiBamburi
Nusu bar ni ngapi kwa mashini ya presha? Zile za mshale za kufinya kipira. Zinafika 300.

babu_spana
Dada umenipa kazi ya hesabu

BintiBamburi
Nshafanya. 300 za zebaki ni kama 0.4 ya bar. Inakaribia. Ile ya mshale ikitolewa kile kitambaa cha mkono unabaki na kipira, paipu na geji. Na vali ya kipira ukiikaza inashika hewa vizuri, tunazitegemea hizo hospitali.

babu_spana
Miaka 40 nashika spana na sikuwahi kufikiria hilo. Tosha kabisa dada. 0.4 inatosha kuonyesha tundu.

mtu_wa_Mikindani
Mamangu anayo ya mshale, ya zamani, siku hizi anatumia ya betri. Nimemuomba ameniuliza nani anaumwa.

Ngojeni pistoni ifike nijaribu.

.

mtu_wa_Mikindani
Pistoni imefika, 48, nimepima KABLA ya kupasua mfuko 😂 Nimefunga, gasketi mpya, ringi midomo iko kwenye vijiti vyake kama alivyosema kaka wa Kwale. Egzosi nimeiziba kwa kipande cha tyubu ya baisikeli nkakifunga na egzosi yenyewe juu. Njia ya kabureta vile vile, tyubu na kibati. Nkachukua plagi kuukuu nkaivunja kauri ya ndani nkatia paipu ya presha nkaikaza kwa gundi ya epoksi, nkaifunga mahali pa plagi, pistoni nimeishusha mpaka chini ili hewa ipite kwenda kwenye chumba cha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni.

Nkafinya mpaka 300. Geji ikashuka mbele ya macho yangu, 250, 200, 140... sekunde kumi haifiki. Nkapaka maji ya sabuni kila mahali. Chini ya silinda hakuna. Upande wa klachi hakuna. Nyuma ya flaiwili nasikia fsssss na mapovu yanatoka kama omo!!!

babu_spana
Hiyo ndo iliyoua pistoni. Sili ya krenki, kile kipete cha mpira cha kuzuia hewa, upande wa flaiwili. Mpira wake umekauka umekuwa kama plastiki, mashini imekaa miaka juani na chumvi. Ungewasha na pistoni mpya hiyo ungekuwa hapa mwezi ujao unaagiza nyengine, na ungesema spea za siku hizi mbovu.

Flaiwili nati yake inafunguka kawaida, kushoto. Klachi ukija kuifungua ni kinyume, inafunguka kwa kwenda kulia, kama saa. Watu wamevunja krenki kwa kutojua hilo. Kuizuia isizunguke, usitie bisibisi kwenye mapezi ya flaiwili, yatavunjika. Toa plagi, ingiza kamba laini ndani ya silinda nyingi nyingi uache ncha nje, pistoni ikipanda itakaa juu ya kamba na injini itasimama.

Sili ya zamani itoboe kidogo kwa skrubu nyembamba, uvute skrubu kwa plaizi. Usikwaruze krenki. Mpya paka oili mdomoni, igonge kwa soketi yenye upana wa sili, polepole, iingie sawa.

mpasua_mbao
Na ukirudisha koili ya cheche tazama nafasi yake na sumaku ya flaiwili. Mimi naweka kadi ya biashara katikati, nakaza, navuta kadi. Ni kama 0.3 milimita. Hizo sumaku lazima zimeota kutu huko Mombasa, pitisha msasa.

Plagi weka ya pawasoo, NGK BPMR7A, nafasi ya mdomo milimita 0.5. Usije ukakubali ile D8EA ya boda, hiyo uzi wake ni milimita 12, yetu ni 14.

mtu_wa_Mikindani
Sili mpya ishaingia (350 bob!! miatatu na hamsini, kitu cha pesa hiyo kiliua pistoni). Nimepima tena na presha ya mama. 300, nimekunywa kikombe kizima cha chai, 295.

babu_spana
Masha'Allah. Sasa ndo fungua kabureta. Sasa.

mtu_wa_Mikindani
Kabureta: ile diafragmu ilikuwa ngumu imekunjamana kama karatasi ya maandazi, na kile kichekecheo kidogo ndani kimezibwa na gundi ya njano. Repea kiti 400. Paipu ya petroli imepasuka pale inapoingilia tangini, nimebadilisha, na filta ya tangini pia. Skrubu za kurekebisha petroli, L ya resi ndogo na H ya resi kubwa, nimezifunga mpaka mwisho kwa upole nkarudisha raundi moja moja.

IMEWAKA. Mvuto wa nne. Resi ikiachiwa inaanguka hapo hapo. Majirani wote wametoka. Geji 145.

Jomvu254
Nafuta maneno yangu ya mwanzo. Sijafuta ya kucheka

babu_spana
Usiipigishe resi ya kukomesha bila kukata, tangi mbili za mwanzo. Skrubu ya H ukiikaza sana inalia kwa sauti nyembamba safi tamu sana, na hiyo sauti tamu ndo ya kifo. Ifungue kidogo mpaka sauti iwe nzito yenye kukwaruza ikiwa haina mzigo, na ikiingia kwenye mti isafike. Hapo acha, usiguse tena hata mtu akikwambia anajua.

mtu_wa_Mikindani
Nimejaribu kwenye gogo. Inakata lakini inatoa unga, na inakwenda kona. Inaelekea kulia kila mara.

mpasua_mbao
Hapo umeingia kwangu. Unga maana yake cheni butu, cheni kali inatoa vipande. Kona maana yake meno ya upande mmoja ni mafupi au butu kuliko ya upande wa pili, inavuta kwenda upande ulio mkali. Au baa imelika upande mmoja. Simamisha baa juu ya kioo, ikianguka kando kingo si sawa, pitisha tupa bapa mpaka zilingane. Na uigeuze baa juu chini kila ukinoa.

Cheni yako ukiona imeandikwa 3/8 tumia tupa ya duara ya milimita 5.5. Ya .325 ni 4.8. Pembe ya nyuzi 30 kila jino, idadi ile ile ya misuguo, anza na jino fupi kuliko yote yalingane nalo. Mimi kwa kupasua mbao natia nyuzi 10, lakini wewe unakata magogo, baki 30.

Kisha vile vinundu vya mbele ya kila jino. Watu wanavisahau. Jino likinolewa linashuka, kinundu kikibaki juu kinazuia jino lisiume. Kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Usizidishe, ukikishusha sana mashini itakurukia.

babu_spana
Hapo pa kinundu nitie hadithi kidogo. Cheni za zamani zilikuwa na meno kama ya msumeno wa mkono, zinakwaruza tu. Mmarekani mmoja mkata miti, Joseph Cox, aliona buu la mdudu linakula gogo, linakata kushoto na kulia kwa taya zake, wala halifuati nyuzi za mti. Akaiga, mwaka 1947 akaanza kuuza cheni ya namna hiyo, ndiyo kampuni ya Oregon hiyo. Meno yako ya kushoto na kulia ni taya za yule buu.

mvuvi_Likoni
Subhanallah. Buu.

mtu_wa_Mikindani
Na oili ya cheni? Natia oili chafu ya gari?

mpasua_mbao
Wengi wanafanya, mimi sifanyi. Ina vyuma vidogo vidogo ndani, inakula pampu na baa, na inakurukia usoni siku nzima. SAE 40 mpya ya bei rahisi inatosha.

Jomvu254
Mafuta ya nazi? Si Ulaya wanatumia ya mimea

mpasua_mbao
Ya nazi yakishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi yanaganda. Asubuhi ya Julai hata hapa Pwani utakuta tangi imekuwa siagi. Kula wali nayo.

BintiBamburi
Kabla hujaupeleka Kisauni. Suruali nzito, buti, miwani, kitu cha masikio. Niliowaona mimi wamekuja na pawasoo, wengi ni mguu wa kushoto, wanashusha mashini kabla cheni haijasimama. Na ile ncha ya juu ya baa isiguse kitu, ikigusa inarudi usoni kabla hujajua. Breki ya cheni inafanya kazi?

mtu_wa_Mikindani
Inafanya dada, nimeisafisha, ukiisukuma cheni inasimama papo hapo. Ilikuwa imejaa vumbi la mbao na oili imekuwa kama halua.

mpasua_mbao
Tena magogo ukiyakata kuni za nyumbani ni zako. Ukitaka kupasua mbao upakie pikapu upite nazo barabarani, tafuta kibali cha KFS, wale wa misitu, kwanza, usije ukakaa kizuizini na mwarobaini wa mama. Na ukiona mnazi umelala hapo kando usijaribu cheni yako mpya, ganda lake na ule mchanga wa pwani vitakumalizia meno dakika tano.

.

mtu_wa_Mikindani
Imekwisha. Jumamosi na Jumapili, tangi tano. Shina limekatika vipande kumi na moja, ukuta wa jirani umefunguliwa, mama amegawa kuni mtaa mzima na kila anayepita anaambiwa mwanangu aliitengeza kwa mashini yangu ya presha. Cheni nimenoa mara tatu. Plagi nimeitoa kuitazama, rangi ya kahawa ya maziwa.

Hesabu: mashini 4,500, pistoni isiyo sawa 2,600 (naomba msizungumze), pistoni sawa na usafiri 2,900, sili 350, repea kiti 400, paipu na filta 300, plagi 350, tupa 250, gasketi 200. 11,850. Yule wa pawasoo alitaka elfu 12.

Jomvu254
Umeokoa 150 bro. Hongera 😂😂😂

mtu_wa_Mikindani
Na pawasoo ninayo. Ila kitu kimoja kinanikera, kila nikiiona kava imeandikwa 268 nakumbuka ile pistoni. Kuna mtu ana kava ya 61 aniuzie?

tudor_mitambo
Nimesoma uzi wote kimya. Mimi mashini yangu kava imeandikwa 61, nimeifungua leo baada ya kuwasoma nyinyi, nimepima, 50. Ringi zimekwisha. Hiyo pistoni yako unayo bado?

mtu_wa_Mikindani
Ndani ya mfuko uliopasuka. Jumamosi saa kumi, Buxton. Njoo na kava.